Mbio za Watu wa Makamo
Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa wanachama



Tumepewa nafasi hii baada ya hesabu za Mweka Hazina, nasi twajua ya kuwa mtu akisha kusikia hesabu za fedha zake huwa hana hamu tena ya kusikia jambo jingine. Kwa hiyo twaomba mtuvumilie. Jambo letu ni moja tu, nalo ni zile mbio za wazee zilizoondolewa katika siku yetu ya michezo miaka miwili iliyopita. Twataka zirudishwe. Lakini hatukuja kuomba zirudishwe kama zilivyokuwa, kwani kama zilivyokuwa zilistahili kuondolewa.

Wengi wenu mlikuwapo siku ile. Chakula kilikuwa kimekwisha kuliwa, watoto wamekwisha kukimbia na magunia, na yule bwana mwenye kipaza sauti akaona kuwa muda ungalipo, akawaita wazee wote uwanjani. Tulitoka watu kumi na wawili. Wengine tulikuwa na viatu vya ngozi, mmoja alikuwa na tai shingoni, na hapana hata mmoja ambaye tumbo lake halikujaa pilau. Tukaambiwa tuzunguke uwanja mara moja, yaani mita 400. Firimbi ilipolia kila mtu alikumbuka jinsi alivyokuwa akikimbia shuleni, wala hakukumbuka ni miaka mingapi imepita tangu alipoiacha shule hiyo. Penye kona ya kwanza mmoja wetu alianguka, msuli wa nyuma ya paja umechanika. Zilipobaki mita mia moja mwingine alishika kifua, akaketi katika nyasi, asiweze kusema neno. Alipelekwa hospitali katika gari la mwanachama, akalala huko siku nne. Watoto wake waliyaona yote.

Kamati ilikutana Jumanne iliyofuata ikakata shauri kwamba wazee wasikimbie tena. Hatukuilaumu Kamati, wala hatuilaumu leo. Aliyebeba mwenzake mikononi mwake hawezi kuambiwa kuwa ameogopa bure.

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Yule mwenzetu alipopimwa aliambiwa kuwa shinikizo la damu yake, au presha kama tusemavyo mtaani, lilikuwa juu sana, na kwa dalili walizoziona madaktari lilikuwa juu kwa miaka mingi. Yeye hakuwa na habari. Alikuwa akifanya kazi yake ya ofisini, akipanda basi asubuhi na jioni, akiongeza chumvi katika kila sahani kabla ya kuionja. Mbio za mita 400 hazikumpa ugonjwa. Zilimfichulia ugonjwa aliokuwa nao, na zilimfichulia kwa njia mbaya kupita zote. Akapewa dawa, akaamriwa apunguze chumvi, na akaamriwa atembee kwa miguu kila siku.

Akaanza kutembea. Saa kumi na moja alfajiri alitoka nyumbani kwake Makadara akafuata Jogoo Road, akarudi kabla ya magari kujaa. Baada ya majuma mawili yule aliyechanika msuli akamfuata, kwani naye alikuwa akichechemea na kuchoka kukaa. Kisha tukaongezeka mmoja mmoja, hata tukawa sita. Kwa muda wa miezi minne tulitembea tu. Ndipo mwenzetu akarudi kwa daktari, akapimwa, akaruhusiwa kukimbia polepole, dakika moja kukimbia na dakika mbili kutembea. Na sisi watano tuliokuwa tumemcheka kimoyomoyo siku ya uwanjani tukaenda kupimwa pia. Wawili kati yetu walikuwa na presha nao hawakujua.

Sasa twataka kusema habari ya mtu wa nchi za mbali, kwa kuwa habari zake zilitufaa sana katika miezi ile ya kwanza. Aliitwa Clarence DeMar, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1888. Hakuwa tajiri wala mtu wa kulipwa kwa kukimbia. Alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha kupiga chapa, na Jumapili alifundisha watoto kanisani. Mwaka 1911, akiwa na miaka 22, alikwenda kushindana katika mbio ndefu za mji wa Boston, ambazo wakati ule zilikuwa karibu maili 24 na nusu. Kabla ya kuondoka wakimbiaji walipimwa, na waliomsikiliza moyo wake walisikia mvumo usio wa kawaida. Wakamshauri aache mbio baada ya hizo, au asizidishe sana. Siku ile ile alishinda kwa saa 2, dakika 21 na sekunde 39, na hapana aliyekuwa amepata kukimbia njia hiyo upesi kama yeye.

Mwaka uliofuata alikimbia Stockholm katika michezo ya Olimpiki, akawa wa kumi na mbili. Kisha akapunguza sana mbio ndefu. Maneno ya wale madaktari yalikuwa yamemwingia, na tena alikuwa na shaka katika dini yake kama ni halali mtu kutafuta sifa kwa miguu yake. Akafanya kazi, akasoma, akaenda jeshini wakati wa vita vile vya kwanza. Mwaka 1917 alijitokeza Boston akawa wa tatu, lakini ushindi haukurudi. Mwaka 1922 alipokuja tena alikuwa na miaka 33, na watu walimhesabu kuwa mtu wa zamani. Akashinda. Akashinda 1923, akashinda 1924, na mwaka huo huo akapata medali ya shaba katika Olimpiki ya Paris. Akashinda tena 1927 na 1928. Mara yake ya mwisho kushinda ilikuwa 1930, akiwa na miaka 41, na hata leo hapana mwanamume aliyeshinda mbio zile akiwa na umri mkubwa kuliko huo. Naye hakuacha hapo. Aliendelea kushindana kila alipoweza, akishindwa na vijana bila kuona haya, mpaka mwaka 1954 alipokimbia Boston mara ya mwisho akiwa na miaka 65.

Alifariki mwaka 1958 kwa ugonjwa wa saratani. Madaktari wakaufungua ule moyo ambao wenzao walikuwa wameushuku miaka 47 iliyotangulia. Mmoja wao alikuwa Paul Dudley White, yule aliyemtibu Rais Eisenhower aliposhikwa na moyo mwaka 1955. Mwaka 1961 waliandika waliyoyaona: mishipa inayolisha moyo wa DeMar ilikuwa na upana mara mbili au mara tatu kuliko ya watu wengi.

Tuliposoma habari hii tulifurahi mno, na mmoja wetu akasema basi dawa za hospitali hazina haja. Ndipo mwenzetu mwenye presha alipotuletea habari ya mtu mwingine, naye alifanya vema, maana tungalipotea.

Huyu wa pili ni Jim Fixx, naye pia Mmarekani. Alianza kukimbia mwaka 1967 akiwa na miaka 35, mnene, mvutaji wa sigara pakiti mbili kwa siku. Akaacha sigara, akapungua mwili, na mwaka 1977 akaandika kitabu juu ya kukimbia kilichonunuliwa na watu zaidi ya milioni moja. Maelfu ya watu wa makamo waliingia barabarani kwa ajili yake. Tarehe 20 Julai 1984, akiwa na miaka 52, alitoka kukimbia peke yake katika jimbo la Vermont, akaonekana kando ya njia amekufa. Mishipa ya moyo wake ilikuwa imeziba vibaya. Baba yake mzazi alipatwa na ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 35 akafa akiwa na miaka 43. Fixx alijua hayo, na alipopewa nafasi ya kupimwa moyo akiwa anakimbia juu ya mashine, alikataa. Wako wasemao kuwa mbio ndizo zilizomwua. Wako wasemao kuwa mbio zilimwongezea miaka tisa juu ya ile ya baba yake. Sisi hatuwezi kuamua. Twasema tu kwamba alikuwa na sababu kubwa ya kupimwa, naye hakupimwa.

Basi wazee wakituuliza kama mbio ni hatari kwa mtu wa makamo, twajibu kuwa tunao DeMar na Fixx wote wawili, wala hatutamficha mmoja ili tumsifu mwingine.

Yako mambo mengine tuliyojifunza kwa miguu yetu wenyewe. La kwanza ni kwamba pumzi hurudi upesi, lakini kano hazirudi upesi. Baada ya majuma sita mtu huona kifua chake kimefunguka na moyo haupigi tena kama ngoma, naye hudhani mwili wote umerudi. Kumbe kano za kisigino na za goti zataka miezi mingi. Mmoja wetu alidanganywa hivyo. Juma la saba alijiona kijana, akakimbia kilomita 10 bila kupumzika, akafika nyumbani akiimba. Kesho yake alishuka kitandani kwa kutambaa, na kisigino kilimtesa miezi miwili. Daktari alimwambia jambo moja tunalolikumbuka, kwamba kadiri ya juu ya mapigo ya moyo hushuka kwa miaka; kwa kukisia tu, chukua 220 utoe umri wako. Mtu wa miaka 45 hataupata tena mwendo wa moyo wa miaka 18, hata afanye mazoezi namna gani.

La pili ni aibu, na hili lilitushinda kuliko kisigino. Makanga wa Jogoo Road walitupigia kelele: "Mzee, unafukuzwa na nani?" Hayo tuliyazoea. Lakini tulipoanza kukonda yalikuja maneno mengine. Katika mitaa yetu mtu wa makamo akikonda hapana asemaye ni mazoezi. Mmoja wetu alitembelewa na shemeji zake kutoka nyumbani, wakaketi, wakanywa chai, kisha wakauliza kwa upole kama ana ugonjwa asioutaja. Mwingine mkewe alidhani amepata msichana, kwa kuwa ni nani aamkaye saa kumi na moja na kuvaa raba kwa ajili ya afya? Mama huyo alimfuata asubuhi moja kwa mbali, akatukuta watu sita tunahema mbele ya uwanja wa Camp Toyoyo, jasho likitutoka, na hapana aliye na sura ya kupendwa na msichana. Siku hizi naye hutembea pamoja nasi, na mama mwingine amemfuata.

Aibu hii ina sababu yake katika nchi yetu. Sisi Wakenya tumefanya mbio kuwa kazi ya vijana. Tangu Nyandika Maiyoro alipokwenda Uingereza mwaka 1954 akakimbia miguu mitupu mbele ya Waingereza, na tangu Kipchoge Keino, ambaye alikuwa polisi, alipopata dhahabu ya mita 1,500 Mexico mwaka 1968, kila mtoto mwenye miguu mepesi husifiwa. Akimaliza shule, kama hakuchukuliwa na jeshi, polisi au magereza, wala hakupata wa kumfundisha kambini, mbio zake zimekwisha. Huyo huwa karani, mwalimu, fundi au mfanyabiashara, na kuanzia siku hiyo hakimbii ila akiona basi laondoka. Hapana aliyemkataza. Ni kwamba hapana mahali palipowekwa kwa ajili yake.

Kwingine mahali hapo palitafutwa. Mwaka 1975 yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya wanariadha wa umri mkubwa, mjini Toronto, na tangu hapo washindanao hugawanywa kwa miaka mitano mitano, mtu wa 45 asishindanishwe na wa 60. Wazee wetu hawahitaji kufundishwa maana ya rika, kwa hiyo hatutaeleza zaidi. Katika nchi hiyo hiyo ya Kanada alikuwako mhandisi wa migodi, Ed Whitlock, mzaliwa wa London, aliyeacha mbio ujanani na kuzirudia alipopita miaka arobaini. Alifanya mazoezi kwa kuzunguka njia za makaburini karibu na nyumbani kwake, saa nyingi, polepole, kwa kuwa hapana magari. Mwaka 2003, akiwa na miaka 72, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 59 na sekunde 10, na hapana mtu wa miaka 70 aliyepata kushuka chini ya saa tatu kabla yake. Mwaka uliofuata alipunguza tena hata saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Hatuwaombi kukimbia makaburini, twajua yatakayosemwa.

Mzee mmoja, ambaye twamheshimu sana, alituuliza kwa nini tusitosheke na kutembea asubuhi. Kwa nini tutake kushindana? Alisema kushindana ni kwa watoto. Tulilichukua swali lake tukakaa nalo siku nyingi, na jibu letu latokana na jambo lililompata mmoja wetu.

Huyu alikuwa mkimbiaji kweli kweli shuleni. Akiwa na miaka 18 alikimbia mita 10,000 kwa dakika 33. Akaacha miaka 27. Mwaka jana, baada ya mazoezi ya mwaka mmoja, alijiandikisha katika mbio za kilomita 10 za hapa mjini, zilizo wazi kwa kila mtu. Tulimsindikiza. Alimaliza kwa dakika 61, nyuma ya wasichana wa shule na nyuma ya bwana mmoja aliyevaa kama kuku ili kuchekesha watu. Hakusema nasi njia nzima ya kurudi. Juma lote hakuja barabarani. Tulipomwendea nyumbani tulikuta ameitoa picha ya shule, ile ya timu yao wakiwa na kikombe, ameiweka mezani, naye akatuambia kuwa afadhali asingalijua.

Hatukuwa na la kumwambia. Ni yule mwenzetu mwenye presha aliyeuliza, "Mwezi wa sita ulikimbia kilomita 10 kwa dakika ngapi?" Akajibu, 68. Akamwuliza tena, "Na mwaka juzi?" Akajibu kuwa mwaka juzi asingaliweza hata kilomita moja. Wakanyamaza wote wawili. Jumatatu alikuja barabarani. Mwaka huu amekimbia njia ile ile kwa dakika 56, na ile picha imerudi kabatini.

Bwana Mwenyekiti, kijana wa shule aliyemo vichwani mwetu ndiye aliyetuangusha siku ile uwanjani. Tulipoitwa na kipaza sauti yeye ndiye aliyeitikia, na miili ya watu wazima ikalipa deni lake. Mtu anayetembea peke yake alfajiri aweza kuendelea kumficha kijana huyo miaka yote, akidhani kwamba akitaka angeweza bado. Siku ya mashindano yenye saa na rika humwonyesha alipo hasa. Tena, tukiri ukweli, pasipo siku iliyowekwa wengi wetu tusingaliamka katika mvua za Aprili.

Haya basi ndiyo tuyaombayo. Mbio zifanyike asubuhi, kabla ya chakula na kabla ya hotuba, na mtu asiyekula kiasi asisimame mstarini. Ziwe za kilomita 3, zisiwe za mita 400, kwa kuwa mwendo mfupi humwita mtu aruke na mwendo mrefu humlazimisha atulie. Atakayeshiriki awe na miaka 40 au zaidi, na alete karatasi ya daktari iliyoandikwa katika miezi mitatu ya karibu, inayoonyesha presha yake na ruhusa ya kukimbia. Asiye na karatasi atapiga makofi. Awe amefanya mazoezi nasi au kwingine muda wa majuma kumi na mawili, mbele ya shahidi. Akina mama wawe na rika zao vile vile. Zawadi hatutaki, ila Mwandishi aandike dakika za kila mtu katika daftari la Chama ili mwaka ujao apate kujipima nazo. Na gari liwe tayari, pamoja na mtu ajuaye huduma ya kwanza, kwa maana hatukusahau.

Gharama tumeikisia pamoja na Mweka Hazina, nayo ni chai, maji, na mafuta ya gari hilo. Kama Kamati itaona vigumu, sisi sita tutailipa.

Mwenzetu aliyechukuliwa hospitali siku ile ameketi hapa katika safu ya pili. Alituomba tusimtaje jina, nasi hatumtaji. Ametuambia tuseme tu kuwa karatasi yake ya daktari iko mfukoni, na kwamba ya kujiandikishia iko mezani kwa Mwandishi, karibu na mlango, nayo ina majina kumi na moja tangu jana jioni.